Kipeto cha Tabora, madai ya Kariakoo

Mama mmoja fundi cherehani wa Isevya aliingia ofisini kwangu na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na namba moja tu. Nilimwamkia, akaitikia kwa haraka, akakaa. "Mwanangu, lesi alizonitumia mpwa wangu kutoka China zimeliwa njiani. Nataka bima inilipe."

Mimi ni wakala wa bima hapa Tabora, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa meza, nikikagua madai. Mtu akiniletea namba ya ufuatiliaji, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuipigia hesabu. Wateja hudhani natania. Namba zinazotumiwa na posta duniani kote zina alama 13: herufi mbili mbele, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili za nchi mwishoni, zetu ni TZ. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS (huduma ya haraka ya posta), C ni kipeto, V ni kilichokatiwa bima. Ile tarakimu ya tisa si ya mfululizo. Ni mlinzi. Chukua nane za mwanzo, uzizidishe moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, ujumlishe, ugawanye kwa 11, kisha kinachobaki ukitoe kwenye 11. Tuseme nane za mwanzo ni 12345678. Jumla yake ni 204. Ukigawanya kwa 11 inabaki 6. 11 toa 6 ni 5. Basi namba sahihi ni 123456785, na ikiishia na kitu kingine kuna mtu kakosea kuandika. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.)

Namba ya mama haikukubali. Mpwa aliisoma kwa simu, mama akaiandika huku cherehani ikilia. Tulipoomba picha ya risiti kwa WhatsApp, tukaona 1 imegeuka 7. Kipeto kilikuwa kimefika siku nyingi, na arifa yake ilikuwa imelala kwenye sanduku la posta la shule anayofundisha shemeji yake, ambalo ukoo mzima hulitumia. Shule ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na madai yoyote.

Nasema "kipeto" makusudi. Ukitamka "kifurushi" mbele ya vijana wa sasa wanakuuliza cha siku au cha wiki, wakidhani ni cha simu.

Sasa tuje kwenye kupotea kwenyewe. Fundi simu mmoja aliagiza vioo vya simu vya shilingi 680,000 kutoka Kariakoo. Duka likavikabidhi kwa msafirishaji mmoja, jina nalihifadhi. Boksi halikufika, na mwisho msafirishaji akakiri kwamba halionekani. Kijana akaenda kudai, akaambiwa arudi na mtumaji. Alinijia amefura: "Bosi, hela ni yangu, mzigo ni wangu. Duka linahusikaje?"

Linahusika kwa sababu mkataba wa kusafirisha ni wa yule aliyesimama dirishani, akalipa nauli ya mzigo na kupewa stakabadhi. Wewe unayesubiri Tabora hukuwepo. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani nazo zinafuata njia hiyohiyo: mzigo ukipotea, fidia ni haki ya mtumaji, labda mwenyewe amwachie mpokeaji haki hiyo kwa maandishi. Sisi wa mikoani ndio tunaoumia zaidi hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya biashara zetu ni kupokea. Pesa inatoka Tabora, stakabadhi inabaki Dar es Salaam.

Dawa yake ni karatasi moja. Mwenye duka anaandika kwamba mzigo wenye stakabadhi namba fulani aliutuma kwa niaba ya fulani, na kwamba haki ya kudai fidia anamwachia huyo fulani. Anasaini, anagonga muhuri. Mwenye duka wa Kariakoo alisita wiki nzima, akidhani akisaini amekiri kosa. Ilibidi nimpigie mwenyewe. Siku hizi nawaambia wateja waiombe karatasi hiyo siku ileile mzigo unapotumwa, wakati muuzaji bado anacheka nao.

Karatasi ilipofika ndipo tukakutana na tatizo kubwa zaidi. Kwenye stakabadhi, sehemu ya thamani, duka liliandika "spea, 100,000". Walitaka kupunguza tozo. Kwa mkataba ule, thamani iliyotajwa ndiyo dari ya malipo, na kijana alilipwa laki moja. Zile 580,000 zilikwenda na maji, nami sikuwa na hoja ya kumtetea, maana hoja ilishauawa dirishani wiki kadhaa nyuma na mtu aliyekuwa anaokoa elfu chache.

Wengi huchanganya mambo matatu. Kufuatilia mzigo ni kujua ulipo. Rejista ni mzigo kuandikwa na kusainiwa kila unapokabidhiwa. Ukipotea, fidia yake ina kikomo kilichopangwa, hata kama ndani uliweka dhahabu. Bima ndiyo inayoangalia thamani uliyoitaja na kuilipia ada. Risiti peke yake si bima, hata iwe na mihuri mitatu.

Kutaja thamani pungufu kuna meno mengine yanayouma hata pale mzigo unapopotea nusu tu. Mikataba mingi ya bima ya mali ina kanuni ya uwiano. Una doti za vitenge kutoka Kigoma za shilingi 600,000, ukazikatia bima ya 300,000. Zikaibwa nusu, yaani za 300,000. Unatarajia 300,000? Utapata 150,000, kwa kuwa ulikata bima ya nusu, na nusu nyingine ya hatari uliibeba mwenyewe. Ukizidisha thamani nako hupati faida, kwani fidia inakurudisha ulipokuwa tu. Ikigundulika ulifanya kwa hila, unaweza kukosa vyote.

Thamani nayo inathibitishwa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni ushahidi mzuri. Isipokuwepo, lete ujumbe wa malipo ya simu wenye tarehe na jina la muuzaji, pamoja na picha za mzigo kabla haujafungwa. Sauti ya WhatsApp inayosema "kaka, ule mzigo ni kama laki sita na kitu" sijawahi kuona ikimlipa mtu.

Na sasa asali. Siwezi kuandika blogu ya Tabora nisiiguse. Kila msimu napata mtu aliyetuma ndoo ya asali kwa ndugu yake Dar es Salaam, ikafika nusu, huku mizigo ya wenzake imeoga. Bima nyingi za mizigo hazilipi hasara inayotokana na ufungaji mbaya, wala inayotokana na tabia ya kitu chenyewe. Asali ambayo haijaiva vizuri ina maji mengi, huchacha, hutoa gesi, na gesi husukuma mfuniko. Hakuna aliyeibia ndoo hiyo, imejifungua yenyewe. Mkaguzi akiona povu, amefunga faili. Mawese ya Kigoma yana kesi yake pia: yanaganda kwenye baridi na kuyeyuka kwenye joto, kwa hiyo dumu lililoonekana limeziba asubuhi linavuja mchana. Tumia chombo cha mfuniko wa kuzungusha, ndani ya mfuko mzito, ndani ya boksi. Piga picha kila hatua.

Fedha taslimu ulizoficha katikati ya kitenge tusizizungumzie kabisa. Vyeti vya shule, kwa kifupi: ukikosa usaili wa kazi kwa sababu cheti kilipotea njiani, hulipwi usaili, kwa kuwa fidia ya aina hii haifuati matokeo.

Ukipokea mzigo uliofunguliwa na kufungwa tena, usisaini kwanza. Omba upimwe. Uzito ulioandikwa wakati wa kutuma ukiwa kilo 7.4 na mzani wa hapa ukasoma 5.1, hicho ni kielelezo kizuri kuliko machozi na mashahidi. Kisha andika juu ya saini yako, "Umepokelewa ukiwa umefunguliwa, kilo 5.1." Ukisaini kimya, umekiri kwamba ulipokea salama.

Muda nao hausubiri. Kwa mizigo ya posta ya kimataifa, uchunguzi huombwa ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ya kutuma. Wasafirishaji wa ndani wana muda mfupi zaidi, umeandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya stakabadhi. Pakiwa na dalili ya wizi, pitia polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Anza kulalamika kwa msafirishaji mwenyewe. Akikupiga chenga, wenye leseni za vifurushi na vipeto wanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama anayekuzungusha ni kampuni ya bima, kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kote huko utaulizwa kwanza, barua yako ya awali iko wapi?

Barua ya yule fundi simu ilikuwa na mistari minne: namba ya stakabadhi na tarehe, kilichokuwemo na bei yake, anachodai, na orodha ya viambatisho. Alitaka kuongeza ukurasa mzima wa uchungu wake, nikamzuia. Alipeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, ya pili wakaigonga muhuri wa kupokelewa akarudi nayo. Nakala hiyo ameibandika ukutani kwenye kibanda chake, karibu na bei za kubadilisha kioo, na muuzaji akimpigia kuuliza aandike thamani gani, anaisoma upya kabla ya kujibu.