Picha za nyumba ya kuuza Lubumbashi: yanayosemwa na yalivyo

Siku hizi nyumba ya Lubumbashi huanza kutembelewa kwenye simu. Mnunuzi yuko Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa. Anafungua WhatsApp wakati wa mapumziko ya kazi, anapitisha kidole kwenye picha za nyumba ya Kampemba au Bel-Air, na kabla hajamaliza chai ameshaamua kama Jumamosi atapanda gari au la. Makomisionere (madalali wa nyumba) na wenye nyumba wanalijua hilo, ndiyo maana kila mmoja ana kanuni zake za kupiga picha. Nyingi zinapokelewa mdomo kwa mdomo bila mtu kuzihoji, na baadhi zinawafukuza wateja walewale wanaotafutwa.

“Piga saa sita, ndipo mwanga uko mwingi”

Ni mwingi kweli, ila umeangukia pabaya. Jua likiwa utosini, ukingo wa malata (mabati ya paa) hutupa kivuli cheusi juu ya madirisha na baraza, huku ua ukiwaka mpaka unapauka. Saa mbili asubuhi au saa kumi jioni jua limeshuka, linaingia chini ya paa na kuupiga ukuta kwa ubavu. Hapo matofali ya kuchoma yanaonekana moja moja, na rangi yake inatoka jinsi ilivyo.

Saa peke yake haitoshi, lakini. Lazima ujue nyumba inatazama wapi, na hapa hata wapiga picha wa harusi hukosea. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Machi hadi Septemba, jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima. Nyumba inayotazama kusini haitapata jua usoni mwezi wa Juni wala wa Julai, hata ukiamka na majogoo. Ukiilazimisha, utapata ukuta mweusi chini ya mbingu nyeupe. Nyumba ya namna hiyo ipigwe siku ya mawingu mepesi, au jioni mara tu jua likizama, wakati mbingu na ukuta vinakaribiana kwa mwanga. Desemba na Januari jua huhamia kusini na uso huohuo hupata mwanga wake. Mwenye nyumba anayejua kwamba atauza mwakani anaweza kupiga picha ya nje mapema na kuiweka, mradi nyumba isiwe imebadilika.

“Subiri kiangazi, mvua huharibu picha”

Mimi ningesema kinyume. Kiangazi chetu ndicho chenye vumbi. Ikifika Agosti, udongo mwekundu umeshapanda kwenye kuta, umekaa juu ya malata na majani ya miembe, na mbingu imefifia. Mvua zikishaanza, kuanzia Novemba hivi, asubuhi inayofuata mvua ya usiku hutoa hewa safi, majani yaliyooshwa na rangi zilizokolea. Kutakuwa na matope mbele ya geti, ndiyo, na ni afadhali mnunuzi ayaone sasa kuliko ayakute na viatu vyake. Mwenye haraka ya kuuza mwezi wa Agosti achukue ndoo na brashi, asugue chini ya ukuta siku moja kabla.

Udongo huo una mchezo mwingine: unarudisha mwanga mwekundu, hivyo ukuta mweupe huonekana wa waridi karibu na ardhi. Usihangaike kuusahihisha kwa programu mpaka ua wenyewe unageuka kijivu. Kila mtu wa Katanga anajua ua una rangi gani.

“Tumia 0.5, chumba kitakuwa kikubwa”

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, huvuta pembeni: kabati lililo ukingoni linanenepa, kitanda kinarefuka, ukuta wa mwisho unarudi nyuma. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinageuka ukumbi wa mikutano. Tatizo ni karo, yaani vigae. Mnunuzi mzoefu haulizi picha, anahesabu karo za sakafu. Karo za sentimita 40 zikiwa nane kutoka mlangoni hadi dirishani, hiyo ni mita 3 na sentimita 20, na hakuna lenzi inayoongeza karo. Asiyejua kuhesabu atakuja, atasimama mlangoni, atakutazama, na kuanzia hapo bei yako itashushwa kwa hasira.

Simama konani au mlangoni, tumia lenzi ya kawaida, simu ilale kwa upana na iwe usawa wa kifua, kama mita 1.20 hadi 1.40 kutoka sakafuni. Usiiinamishe. Ukiielekeza juu ili dari ionekane, kuta zinaegemeana huko juu kana kwamba nyumba inataka kuanguka. Kipimo chako kiwe fremu ya mlango: ikienda sambamba na ukingo wa skrini, umenyooka. Bafu dogo ambalo lenzi ya kawaida haiwezi kulibeba, sawa, tumia 0.5, kisha andika vipimo vyake chini ya picha. Kwa kweli andika vipimo vya kila chumba. Ni dakika chache na futi ya fundi.

“Washa flashi na taa zote”

Flashi ya simu inafika mita chache tu, na inaacha doa jeupe kwenye karo na kwenye kioo cha kabati. Taa za manjano zikichanganyika na mwanga wa dirishani, ukuta mmoja unakuwa wa chungwa na mwingine wa buluu. Fungua mapazia, zima taa, futa lenzi iliyojaa mafuta ya vidole, gusa skrini karibu na dirisha, ushushe mwanga kidogo. Kwa hiyo kuranti (umeme) ikikatika asubuhi ya kupiga picha, hujapoteza kitu.

“Onyesha salon (sebule) na uso wa nyumba, mengine yafute”

Sasa simu zinafuta chochote kwa kidole, na watu wanafuta nguzo ya umeme ili mbingu ibaki safi. Katika mji huu huko ni kufuta pesa. Mnunuzi wa Lubumbashi haanzi na rangi ya salon. Anaanza kwa kuuliza kuranti inakaa saa ngapi na maji yanatoka wapi. Piga nguzo, piga kaunta (mita ya umeme), piga tangi na mnara wake, piga pampu ya foraje (kisima cha kuchimbwa) ikitoa maji kwenye ndoo. Piga barabara kutoka getini, pande zote mbili. Piga geti likiwa wazi ili upana wake ujulikane. Ufa uliopo ukutani upigwe pia: ukijulikana kabla, unazungumzwa kama gharama ya ukarabati, ukigunduliwa siku ya kutembelea, mgeni anaanza kutafuta ufa mwingine.

Vya kuondoa ni vingine kabisa. Picha za ukutani zenye sura za familia, watoto, funguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, televisheni mpya, pikipiki. Picha hizi zitapita kwenye makundi ya watu usiowajua.

“Weka na picha ya hati, mteja aamini”

Usifanye. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na certificat d'enregistrement (cheti cha usajili wa kiwanja) yenyewe, si picha yake. Mnunuzi wa kweli ataihakiki kwa conservateur des titres immobiliers, yaani msajili wa hati za ardhi. Picha ya hati inayozunguka mitandaoni inamfaa zaidi tapeli anayetaka kuuza kiwanja chako kwa watu wawili.

Ndiyo maana kuta nyingi za miji yetu zimeandikwa kwa rangi “Parcelle à ne pas vendre”, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Na kuna matangazo ya mauzo ambamo maandishi hayo yanasomeka vizuri kabisa nyuma ya gari lililoegeshwa kwa makusudi! Kama familia imekubaliana kuuza, paka rangi ukuta kwanza, ndipo upige. Kama haijakubaliana, gari halitasaidia.

“Picha zikiwa nyingi, ndivyo bora”

Kumi au kumi na mbili zinatosha, kwa mpangilio wa mtu anayeingia: barabara, geti, uso wa nyumba, salon, jiko, vyumba, bafu, ua wa nyuma, maji na umeme. WhatsApp huzibana picha; ukizituma kama faili zinabaki na ubora wake, ila hubeba pia mahali zilipopigwa kama simu iliruhusiwa kuhifadhi, kwa hiyo zima kwanza kipengele hicho kwenye kamera. Na nyumba ikishauzwa, waambie makomisionere wote wazifute, maana picha nzuri huendelea kutumika kuwavutia wateja kwenye nyumba nyingine ambayo haifanani nayo hata kidogo.