Hapokei Simu, Lakini Si Kwa Kuringa

Mzazi anayekuja kliniki yetu ya saikolojia hapa Dodoma kwa ajili ya kijana wake mchezaji huanza na neno lilelile: "Tangu aonekane kwenye televisheni, hapokei simu." Ukoo umeshahukumu kwamba mtoto anaringa. Nikikaa na kijana peke yake, mara nyingi nakuta jambo jingine kabisa. Ana aibu. Hajui atamwambiaje mjomba wake kwamba hana hela.

Mfikirie kijana wa miaka 19 aliyekulia Bahi. (Nimemuunganisha kutoka kwa wengi, asitafutwe mtu.) Jumamosi kaingia kipindi cha pili Uwanja wa Jamhuri, kaifunga timu kubwa ya Dar es Salaam, nchi nzima ikitazama. Jumapili jioni ana wafuasi maelfu mtandaoni, ila mshahara ni uleule wa Ijumaa. Hela ya usajili analipwa kwa awamu, na awamu ya kwanza imekwisha kwenye bati za nyumba ya mama. Nyumbani waliona bao tu. Zinaingia kadi za michango ya harusi, ada ya binamu, matibabu ya shangazi. Jamaa 20 wakiomba shilingi 50,000 kila mmoja, hiyo ni milioni 1 ndani ya mwezi. Anawaahidi wote, kwa kuwa tulivyolelewa, kumnyima mkubwa wako ni kukosa adabu. Siku za ahadi zikifika, anazima simu.

Akishazima anapata nafuu kidogo, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena kesho. Baada ya muda simu ikilia tu moyo unamwenda mbio, hata anayepiga akiwa mama anayetaka kujua kama amekula. Naomba wazazi walielewe hili kabla ya kumwita mtoto mbele ya wazee kumsema.

Ninachowashauri ni kikao cha familia mapema, kabla msimu haujaanza. Awepo kijana, wazazi na mkubwa mmoja anayesikilizwa na ukoo, mkataba ukiwa mezani. Mshahara halisi utajwe, kiasi cha kusaidia nyumbani kipangwe, na achaguliwe mtu wa kupokea maombi. Mjomba akipiga, kijana anasema: "Shikamoo mjomba. Hilo tumemkabidhi baba mkubwa, naomba uongee naye." Hapo hajamnyima mtu heshima.

Kwa aliye chini ya miaka 18, kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3, na mzazi au mlezi anapaswa kuusoma wote kabla ya kusaini. Mzazi huyo asizishike fedha peke yake bila kuandika. Baba na mwana wanaopendana wameacha kusalimiana kwa sababu ya hesabu ambazo hazikuandikwa popote.

Wenzake waliokuwa wakicheza naye mtaani wanaumia pia. Walifanya mazoezi pamoja, akachaguliwa mmoja. Akienda kuwaona siku ya mapumziko bila kundi la wapiga picha, mengi hupona yenyewe. Na mchumba wa tangu zamani aambiwe mapema kuhusu jumbe za mashabiki, asije akazikuta mwenyewe usiku.

Usiku wa mechi, simu ikae kwa mtu mwingine hadi asubuhi. Mwili bado umechangamka, usingizi uko mbali, na komenti moja ya matusi baada ya kukosa penalti hukaa kichwani kuliko pongezi mia.

Kijana akipoteza hamu ya chakula na mazoezi kwa wiki 2, akianza pombe ili alale, au akitamka kwamba bora afe, apelekwe hospitali. Kwa hilo la mwisho, siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1927, na najua jina hilo limegeuzwa tusi. Mchezaji analiogopa maradufu, maana anawaza jukwaa zima litamzomea nalo. Mwambieni kwamba wengi wanaofika kliniki huonwa, huzungumza na mtaalamu, wakarudi nyumbani kabla ya jioni. Na msimwache aende peke yake. Mzazi au kocha amsindikize.