Mseto ni sufuria moja

Juzi tena, kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja kashika kipaza sauti: "Mimi nalima mseto. Mwaka jana mahindi, mwaka huu maharage." Watu wakapiga makofi. Mimi nikameza mate.

Hicho ni kilimo cha mzunguko, kizuri tu, na jina lake kinalo. Kilimo mseto ni nafaka na mikunde kukaa shamba moja, msimu mmoja: mahindi na maharage, mtama na kunde. Basi.

Neno lenyewe limetoka jikoni. Mseto ni mchele na choroko (Mombasa watakwambia pojo) vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana, vikasetwa kwa mwiko. Kuseta ni kuponda na kuvuruga. Tazama basi jina lilivyoangukia mahali pake: hata sufuriani ni nafaka na mikunde. Wanasiasa nao wakaliazima, Kenya ikapata serikali ya mseto mwaka 2008, na hakuna aliyedhani maana yake chama kimoja kitawale mwaka huu na kingine mwakani. Ukila wali leo na choroko kesho, mseto hujala.

Nakiri wataalamu nao wametuvuruga. Watu wa misitu huita kilimo mseto kupanda miti pamoja na mazao. Wengine husema kilimo mchanganyiko, jina ambalo pengine hupewa mwenye mahindi na ng'ombe. Sigombani nao, maadamu vitu vinakaa pamoja.

Ugomvi wangu ni wa wakati. Nenda Babati, mkoani Manyara, Tanzania, uone mahindi na mbaazi. Hupandwa pamoja, mbaazi zikaanza polepole chini ya kivuli. Mahindi yakishavunwa ndipo zinapotanuka na kukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini. Palizi ile ile imehudumia mazao mawili. Mzunguko hauwezi kukupa hilo.

Na naitrojeni, kirutubisho cha mimea kinachosifiwa kila semina? Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde huinasa kutoka hewani, ila sehemu kubwa huingia udongoni majani na mizizi vikioza, kwa hiyo anayeifaidi zaidi ni zao la msimu unaofuata. Hapo mzee wetu yuko sahihi kabisa kubadilisha mazao. Aseme tu "mzunguko", na akiutaka mseto, mwakani atie kunde katikati ya mistari ya mahindi yake.