Cheo cha kurithi hurithiwaje? Kisa cha Earl wa Erroll

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, gari aina ya Buick lilikutwa limeacha barabara karibu na njia panda, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Ngong. Ndani yake alikuwamo Josslyn Hay, mbunge wa Kiambu katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni la Kenya, amepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa kwa mauaji hayo, mahakama ikamwachia huru, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Habari za nani alimuua zimeandikwa mno. Mimi linalonishika zaidi ni jambo lililotokea papo hapo, bila hakimu, bila wasia, bila kikao cha ukoo. Marehemu alikuwa na vyeo viwili vikubwa vya ukabaila: alikuwa Earl wa 22 wa Erroll, na pia Baron Kilmarnock. Alipokata roho, vyeo hivyo viliachana. Cha kwanza kilikwenda kwa binti yake wa pekee, Diana, msichana wa miaka 15 aliyekuwa akilelewa Uingereza. Cha pili kilimruka binti kikatua kwa mdogo wake marehemu, Gilbert. Mtu mmoja, kifo kimoja, warithi wawili. Ukielewa kwa nini ilikuwa hivyo, umeelewa cheo cha kurithi ni kitu gani.

Cheo cha kurithi ni heshima aliyoitoa mfalme kwa mtu fulani, pamoja na maelekezo ya nani ataipokea baada yake, na nani baada ya huyo, kizazi hata kizazi. Watu huangalia heshima, lakini uzito wote uko kwenye maelekezo. Huandikwa katika hati ya kifalme, na neno moja tu humo laweza kuamua mambo miaka 300 baadaye. Hati ikisema “warithi wa kiume wa mwili wake”, maana yake ni wanaume waliotokana na mpokeaji wa kwanza kwa upande wa kuumeni peke yake: mwana, mwana wa mwana, na kuendelea. Binti hapati, na mtoto wa binti hapati. Hati ikisema “warithi” bila kutaja wanaume, mlango wa kukeni uko wazi: asipokuwapo mwana, binti hurithi kwa haki yake mwenyewe, naye humwachia mtoto wake. Vyeo vingi vya Uingereza ni vya aina ya kwanza. Uskoti ina vingi vya aina ya pili, na Erroll ni kimojawapo.

Msomaji aliyezoea mirathi ya kugawana mafungu atashangaa, kwa kuwa hapa hakuna fungu. Cheo hakikatwi vipande. Mwenye nacho hawezi kukiuza, hawezi kumwandikia rafiki, wala hawezi kumnyima mwana mkaidi. Yeye ni mpitishaji tu. Mali ni jambo lingine kabisa, na ukoo wa Hay unalionyesha hilo vizuri. Ngome yao ya Slains, juu ya majabali ya Bahari ya Kaskazini karibu na Cruden Bay, ilianza kujengwa mwaka 1597. Mwaka 1916 Earl wa 20 akaiuza. Mwaka 1925 paa likang'olewa, na leo zimebaki kuta tupu zinazopigwa na upepo wa chumvi. Josslyn aliporithi mwaka 1928, alirithi jina la Erroll bila ngome ya Erroll. Wakati huo alikuwa ameshahamia Kenya tangu 1924.

Kabla ya Earl kulikuwa na wadhifa. Mwaka 1314, mwaka Waskoti walipowashinda Waingereza huko Bannockburn, mfalme Robert Bruce alimpa Sir Gilbert Hay wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, yeye na warithi wake. Tusichanganye na konstebo wa polisi. Huyu alikuwa mkuu wa majeshi chini ya mfalme na mlinzi wa usalama popote mfalme alipo. Wadhifa huo haujawahi kutoka katika ukoo. Sasa ni wa sherehe tu, ila Earl wa Erroll bado ana tarishi wake wa nembo, yaani ofisa wa mambo ya nembo za ukoo, aitwaye Slains, jambo ambalo koo chache sana zimebaki nalo. Cheo chenyewe cha Earl kilikuja katikati ya karne ya 15. Kwa mpangilio wa vyeo vya huko, Earl yuko chini ya Duke na Marquess, juu ya Viscount na Baron.

Sasa mlango wa kukeni uliwekwaje wazi? Mwaka 1666 Earl wa 11, Gilbert, hakuwa na mtoto. Sheria ya Uskoti ilikuwa na njia ambayo Uingereza haikuwa nayo: mwenye cheo aliweza kukirudisha mkononi mwa mfalme, na mfalme akakitoa upya kwa hati mpya yenye maelekezo mapya. Gilbert alifanya hivyo, akapata ruhusa ya kupanga warithi. Hatua hiyo ilizaa matunda mwaka 1717, pale Earl wa 13 alipofariki bila kuoa. Dada yake Mary akawa Countess (yaani Earl wa kike) wa Erroll, Konstebo Mkuu mwanamke, akakaa na cheo miaka 41.

Mary naye hakuacha mtoto. Aliyemfuata alikuwa mjukuu wa dada yake, kijana aitwaye James Boyd, na hapa ndipo jina la Kilmarnock linapoingia. Baba yake James alikuwa Earl wa Kilmarnock aliyejiunga na uasi wa kumrudisha madarakani ukoo wa Stuart. Katika vita vya Culloden, Aprili 1746, baba alikuwa upande wa waasi na James alikuwa askari wa serikali. Inasimuliwa kwamba baba alipoletwa mateka, kichwa wazi, mwana alitoka mstarini akamvika kofia yake mwenyewe. Agosti mwaka huohuo mzee alikatwa kichwa London.

Adhabu ya uhaini haikuishia shingoni. Cheo chake kilifutwa, kwa fikra kwamba damu ya mhaini imeharibika na haiwezi tena kupitisha urithi. James, aliyepigana upande wa mfalme, akapoteza cheo cha babaye kwa kosa lisilo lake. Lakini cheo cha Erroll hakikumjia kwa baba. Kilimjia kwa mama, kutoka kwa bibi, na njia hiyo haikuguswa. Mwaka 1758 Mary alipofariki, James akawa Earl wa 15, akaacha jina la Boyd akachukua la Hay.

Jina la Kilmarnock lilirudi mwaka 1831, kama cheo kipya kabisa. Baada ya muungano wa Uskoti na Uingereza wa 1707, si kila mwenye cheo cha Uskoti aliyekaa katika Bunge la Mabwana, yaani baraza la juu la Bunge huko London. Walichaguana 16 tu wa kuwawakilisha wote. Earl wa 18, aliyemwoa binti wa nje ya ndoa wa mfalme William IV, akapewa cheo cha Baron Kilmarnock, ambacho ni cha Ufalme wa Muungano na kilimpa kiti bila kuchaguliwa. Hati ya cheo hiki kipya ilitaja warithi wa kiume. Tangu hapo vyeo viwili vilisafiri pamoja miaka 110, kila mara baba kwa mwana, na mtu angedhani ni kitu kimoja. Mrithi mkubwa hata aliitwa Lord Kilmarnock baba yake akiwa hai, kwa heshima tu, kama kuazimwa jina dogo la mzee.

Kisha ikaja njia panda ile ya Ngong. Josslyn alikuwa na binti, hakuwa na mwana. Hati ya zamani ikasema binti anatosha. Hati ya 1831 ikasema hatoshi. Mdogo wake Gilbert akawa Baron Kilmarnock, na mwaka huohuo akabadili jina lake la ukoo kutoka Hay kuwa Boyd, lilelile ambalo James aliliacha mwaka 1758. Josslyn mwenyewe alizikwa Kiambu, kwenye uwanja wa kanisa la St Paul's.

Diana akawa Countess wa 23 wa Erroll na Konstebo Mkuu. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, mlango wa Bunge la Mabwana ulibaki umefungwa kwake mpaka sheria ya 1963, iliyowaruhusu wanawake wenye vyeo kwa haki yao wenyewe na wenye vyeo wote wa Uskoti. Nadhani hilo ndilo la kukasirisha kuliko yote katika kisa hiki: aliweza kuwa mkuu wa majeshi wa jina, lakini kwa miaka 22 hakuweza kuketi kwenye benchi.

Alifariki mwaka 1978, akamwachia mwanawe mkubwa, Merlin, ambaye alikuja kuwa mmoja wa warithi 92 waliobakizwa bungeni baada ya mageuzi ya 1999 yaliyowaondoa wengi wa wenye vyeo vya kurithi. Baba yake Merlin, Sir Iain Moncreiffe, alikuwa na cheo chake pia, cha chini zaidi, kinachofuata wanaume tu. Alipofariki mwaka 1985, nacho kikamfikia Merlin. Kwa hiyo yeye naye amebeba vyeo viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba, kila kimoja na hati yake.