Bakteria na virusi: kwanini dawa inayommaliza huyu haimgusi yule

Mtu kashikwa na mafua, koo linawasha, anakohoa usiku, siku ya tatu anaingia duka la dawa anaomba antibayotiki ya nguvu, anameza, siku ya sita yuko poa, na kuanzia hapo ile dawa ndo inakuwa dawa yake ya mafua maisha yote na anaishauri na kwa majirani. Kumbe mafua yangeisha siku ileile hata angekunywa maji ya moto tu. Hapa ndo watu wengi wanapochanganya, na ukishaelewa bakteria ni kitu gani na virusi ni kitu gani, mengi yanayosemwa kuhusu maambukizi utayafuatilia mwenyewe bila kuwa daktari.

Bakteria ni kiumbe kamili, ni seli moja tu lakini ina kila kitu chake, ukuta wa nje, vinasaba, ribosomu za kutengenezea protini, anakula, anatoa taka, na anajigawa mwenyewe. E. koli, bakteria anayekaa utumboni, akipata joto na chakula anajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwahiyo kwa hesabu ya karatasi mmoja anafika zaidi ya milioni mbili ndani ya masaa saba (mwilini haendi kasi hivyo, kinga inamsumbua na chakula kinaisha, ila umepata picha). Tena wengi wao hawana shida na sisi kabisa, utumbo umejaa bakteria na baadhi wanatutengenezea vitamini K.

Kirusi ni kitu kingine kabisa. Ni vinasaba vilivyofungwa kwenye ganda la protini, basi, vingine vinaongeza na utando wa mafuta kwa juu. Hakina ribosomu, hakili, hakijigawi, na kwa udogo vingi viko kati ya nanomita 20 na 300 wakati bakteria wa kawaida anafika elfu moja na zaidi. Ni sawa na mpangaji asiye na jiko wala sufuria, anaingia jikoni kwako anapika chakula chake kwa moto wako, na seli yako ndo inageuka kiwanda cha kutoa nakala za kirusi mpaka inachoka au inapasuka.

Sasa rudi kwenye ile dawa. Penisilini na ndugu zake kama amoksilini wanazuia bakteria kujenga ukuta wake, ukuta ukilegea anapasuka. Doksisaiklini na azithromaisini wanabana ribosomu za bakteria, ambazo umbo lake halifanani na za kwetu ndo maana zinakwama zao na za kwetu zinabaki salama. Siprofloksasini inavuruga vimeng'enya anavyotumia kushughulikia DNA yake. Kirusi hakina ukuta, hakina ribosomu, hakina hivyo vimeng'enya, kwahiyo dawa inazunguka mwilini na haikuti pa kushika. Haijalishi ni ya bei gani au ni ya sindano, haina cha kufanya pale.

Na ndo maana dawa za virusi zilichelewa sana. Kitu kinachotumia mitambo yako mwenyewe utakipigaje bila kujipiga? Inabidi utafute kakipande kadogo ambacho ni cha kwake tu. Asaiklovia inafanya kazi kwa virusi vya malengelenge, oseltamivia ni ya influenza (yale mafua makali yenye homa) na inasaidia zaidi ukianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, hizo haziazimani. Mfano ninaoupenda zaidi ni VVU na homa ya ini C, vyote ni virusi vya RNA (yaani vinasaba vyao ni RNA, sio DNA kama ya kwetu), vyote vinaweza kukaa mwilini miaka, lakini VVU kinabadilisha vinasaba vyake kuwa DNA na kuvichomeka ndani ya DNA ya seli zako, kwahiyo ARV zinakizuia kuzaana mpaka kipimo hakikioni kwenye damu (na mtu akibaki hivyo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono) ila ukiacha dawa kile kilichojificha kinaamka. Homa ya ini C haijichomeki hivyo, kwahiyo vidonge vya wiki 8 mpaka 12 vinawaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, wanapona kabisa. Tofauti yote ni mahali kirusi kinapoweka vitu vyake.

Kuna mkanganyiko mwingine hapo, watu wakishajua bakteria na virusi ni tofauti wanadhani na kusambaa kwake ni tofauti. Hapana. Kwenye kusambaa swali sio ni nani, swali ni anatokea wapi na anaingilia wapi. Kipindupindu ni bakteria, polio ni kirusi, rota, anayeharisha watoto, ni kirusi, na wote kwa kiasi kikubwa wanatoka na kinyesi wanaingia mdomoni, kwa maji au mikono au chakula, kwahiyo choo na maji safi vinawazuia wote bila kuuliza kabila. Kisonono na kaswende ni bakteria, VVU na homa ya ini B ni virusi, na ngono inawabeba wote. TB ni bakteria na surua ni kirusi, wote wanaruka kwa hewa, ila hapa hawalingani hata kidogo: TB kawaida inataka mkae pamoja muda, chumba kimoja, hewa haitembei, wakati virusi vya surua vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kwenye watu wasio na kinga kabisa mgonjwa mmoja anaambukiza wastani wa 12 mpaka 18. Influenza ya kila msimu inacheza kwenye mmoja mpaka wawili tu, na bado tunaiona inavyosumbua.

Sabuni nayo ina siri yake. Vile virusi vyenye utando wa mafuta, corona, influenza, VVU, sabuni inayeyusha ule utando na kirusi kinakwisha hapohapo, spiriti ya mikono nayo inafanya hivyo. Norovirusi, vile vya kutapika na kuharisha, havina huo utando, spiriti haivifanyi kitu cha maana, inabidi unawe kwa sabuni na maji yanayotiririka ili viondoke na maji. Kwahiyo kama nyumbani kuna mtu anatapika na kuharisha usitegemee kachupa ka mfukoni.

Kingine ambacho hakisemwi sana ni saa ngapi mtu anaanza kuambukiza. SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha corona, ilipata watu zaidi ya 8,000 ikaua 774, ikazimwa mwaka huohuo bila chanjo wala dawa yake, kwa sababu mgonjwa alikuwa anaambukiza zaidi akishaumwa hasa, kwahiyo ukimuona ana homa unamtenga, unawafuata aliokutana nao, mchezo umeisha. Covid ikaja na ndugu wa kirusi kilekile, lakini huyu anaambukiza kabla hata hujajisikia vibaya, na hapo kupima joto mlangoni kukawa maigizo tu kwa kiasi kikubwa. Surua pia, mtu anaanza kuambukiza siku nne hivi kabla vipele havijatoka, wakati wote mnadhani ana mafua.

Hapo ndo inaingia kazi ya kufuatilia magonjwa, na ukweli ni kwamba idadi inayotangazwa siku zote ni ya waliofika hospitali wakapimwa, chini yake kuna kundi kubwa halionekani. Polio inaonyesha hili vizuri: kati ya watu kama 200 walioambukizwa ni mmoja tu anayepooza moja kwa moja, wengine wanapata homa kidogo au hawajui kabisa. Ukisubiri waliopooza umeshachelewa. Kwahiyo wanafanya mambo mawili, mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla anachukuliwa choo kinapimwa hata kama inaonekana ni sababu nyingine, na kwenye miji wanachota maji taka wanayapima. London mwaka 2022 virusi vya polio vilikutwa kwenye maji taka bila mtu hata mmoja kuonekana amepooza, wakasoma vinasaba vyake wakaona vinahusiana, maana yake vinazunguka kwa watu, na watoto wa mwaka mmoja mpaka tisa wakaitwa kuchanjwa upya. Mji mzima umepimwa na hakuna aliyetobolewa kidole, mi naona hii ni moja ya akili bora kabisa kwenye afya ya jamii.

Maabara nao wana njia zao. Kuotesha, yaani kuweka sampuli kwenye chakula cha bakteria na kusubiri aote, kunachukua siku moja mpaka tatu kwa bakteria wengi, halafu wanaweka vidonge vidogo vya dawa mbalimbali juu yake kuona ipi inamuua. TB anaota taratibu mno, ni wiki kadhaa, ndo maana mashine ya GeneXpert ilibadilisha mambo, inatafuta vinasaba vya TB kwenye makohozi na ndani ya masaa mawili hivi inakwambia yupo au hayupo na kama ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Virusi huwezi kuviotesha kwenye chakula peke yake kwa sababu vinahitaji seli hai, kwahiyo vinatafutwa zaidi kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba kwa kuvinakili mara nyingi) au kwa vipimo vya haraka vya protini zake.

Ndui ilimalizwa kwa kufuatilia hivihivi, unamtafuta mgonjwa, unawachanja wote waliomzunguka, unaenda kwa anayefuata. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali Merca, Somalia, mwaka 1977, akapona, na miaka mingi baadae akajiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini kwake. WHO ikatangaza 1980 kwamba ndui imetoweka duniani.

Kwenye matibabu nataka kuondoa dhana moja, kwamba ukishajua ni bakteria basi antibayotiki ndo kila kitu. Kipindupindu ni bakteria lakini kinachomuua mtu ni kuishiwa maji na chumvi, na kinachomwokoa ni ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) au dripu akizidiwa, antibayotiki inafupisha tu kuharisha. Akirudishiwa maji mapema vifo vinashuka chini ya asilimia moja. Pepopunda nayo ni bakteria ila anayeumiza ni sumu yake, kwahiyo inabidi ile sumu nayo izimwe.

Halafu suala la usugu. Anayekuwa sugu ni bakteria, mwili wako haujazoea dawa kama wengi wanavyosema. Ukimeza antibayotiki kwa ajili ya mafua kirusi hakijui chochote, lakini matrilioni ya bakteria wa tumboni wanapigwa, dhaifu wanakufa, mwenye bahati ya kuwa na jeni ya kuhimili anabaki na nafasi yote ni ya kwake, na mbaya zaidi anaweza kumpa bakteria mwingine jeni hiyo, hata wa aina tofauti, kupitia vipete vya DNA vinavyoitwa plasmidi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alipopokea tuzo ya Nobel 1945 alionya hili hadharani kwamba mtu akijipa dozi ndogo atawafundisha vijidudu kuhimili. Mwaka 2019 vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani.

Kuhusu kumaliza dozi, TB ni miezi sita kwa matibabu ya kawaida na hapo hakuna mjadala, ukiacha kwa sababu umejisikia nafuu unajitengenezea TB sugu. Kwa maambukizi mengine mengi tafiti zimeonyesha siku chache zinatosha, ndo maana siku hizi daktari anaweza kukuandikia siku tano pale ambapo zamani zilikuwa kumi, fuata alizoandika, usipunguze na usibakize vidonge kwa ajili ya mwakani.

Na makamasi ya kijani sio kipimo! Rangi ile inatoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zako, inatokea kwa virusi na kwa bakteria vilevile. Koo nalo mara nyingi ni virusi, ila kuna bakteria mmoja, streptokokasi, ambaye asipotibiwa anaweza kuacha madhara kwenye vali za moyo, hasa kwa watoto, kwahiyo koo lenye homa kali bila kikohozi wala mafua lipelekwe likapimwe.

Kuna wakati virusi na bakteria wanakuja kwa zamu. Influenza inachubua njia ya hewa, bakteria waliokuwa wamekaa kimya puani wanashuka kwenye mapafu, na wengi waliokufa kwenye influenza iliyoenea dunia nzima 1918 walikuwa na nimonia ya bakteria iliyofuata, wakati huo antibayotiki hazipo. Kwahiyo mgonjwa wa mafua aliyeanza kupata nafuu halafu homa ikarudi kwa nguvu, au anapumua haraka, kifua kinabonyea, amechanganyikiwa, au mtoto hanyonyi wala hanywi, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hapo antibayotiki inaweza kabisa kuwa ndo inayotakiwa, na atakayejua ni yule mwenye kipimo mkononi.