Jemu ya tini haijajaa nyigu

Ujumbe unaosambazwa kwenye magrupu unadai kwamba vipunje vinavyotafunika kwenye jemu ya tini ni mayai na mabaki ya nyigu. Si kweli. Hizo ni mbegu. Kata tini mbivu, zitazame kwa kioo cha kukuzia: ni za mviringo, ngumu.

Mkanganyiko una chanzo. Tini mwitu, na aina chache zinazolimwa kama Smyrna, huchavushwa na nyigu mdogo anayeingia kwenye tunda. Akifia humo, kimeng'enya kiitwacho fisini humsaga. Lakini aina nyingi zinazolimwa, mfano Brown Turkey, huzaa bila uchavushaji wowote. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Anayepika jemu nyumbani aulize tu aina ya tini anayonunua.