Unyenyekevu na Upanuzi: Dhana Potofu za Mkristo Anayecheza Michezo ya Mikakati Mtandaoni

Wakristo wengi wanaocheza michezo ya mikakati huuweka unyenyekevu kando kabla hawajaketi mbele ya kompyuta. Hawafanyi hivyo kwa kiburi. Wamefundishwa unyenyekevu wa namna ambayo haina kazi yoyote katika mchezo wa kujenga himaya. Ukiamini kwamba kunyenyekea ni kujiona huwezi, mchezo unaokudai uanzishe kijiji cha pili, uimiliki ardhi na kumzidi jirani kwa uzalishaji utakulazimisha uchague kimoja kati ya viwili. Nimecheza michezo hii kwa miaka mingi, nami nimekuja kusadiki kwamba dhana zinazotupotosha kuhusu udhaifu wetu mbele za Mungu ndizo hizo hizo zinazotupotosha tunapopanga kujitanua.

Dhana: Mnyenyekevu hujiona hawezi kitu, kwa hiyo habanduki alipo

Paulo anapowaandikia Warumi (12:3), hawaambii wajione duni. Anawaonya wasinie makuu kupita inavyowapasa, na anawataka wawe na nia ya kiasi. Kiasi ni kipimo, na anayejipima chini ya ukweli amekosea kipimo kama alivyokosea anayejipima juu yake. Mtumwa aliyefukia talanta yake ardhini kwa woga (Mathayo 25) hakusifiwa kwa unyenyekevu.

Mchezaji anayesema "mimi ni dhaifu tu" hajakiri jambo lolote, maana kauli hiyo haimwongozi kubadili hatua hata moja. Anayesema "nikifikisha vituo vitatu nasahau kuzalisha askari katika kile cha kwanza" amekiri udhaifu wenye jina, na udhaifu wenye jina huingia katika mpango. Ndivyo Yethro alivyomsaidia Musa katika Kutoka 18. Hakumwambia kwamba hafai kuwaongoza watu; alimwonyesha kazi moja mahususi, ile ya kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, iliyokuwa nzito kuliko mtu mmoja, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Taifa halikupunguzwa ili limtoshe Musa. Mzigo ndio uliogawanywa.

Dhana: Himaya kubwa ndiyo himaya imara

Upanuzi wowote, hata ule uliopangwa vizuri, huanza kwa kukudhoofisha. Katika StarCraft II, mchezo wa vita ambamo wachezaji hujenga vituo na majeshi, kituo kikuu cha kabila la Terran hugharimu madini 400, na askari wa kawaida wa miguu hugharimu madini 50. Ukiweka msingi wa kituo kipya umejinyima askari wanane, tena wakati ambao una eneo kubwa zaidi la kulinda. Faida nayo haiji papo hapo. Kituo kimoja huwa na marundo manane ya madini, na kila rundo hutoshelezwa na wafanyakazi wawili, hivyo wafanyakazi 16 hukifikisha karibu na upeo wake, na kituo cha pili hakikuletei ziada ya maana mpaka uwe na watu wa kukijaza.

Waundaji wa Civilization IV, mchezo uliotoka mwaka 2005, waliuingiza ukweli huu katika hazina ya taifa. Kila mji hudai gharama za matunzo, nazo hupanda kadiri miji inavyoongezeka na kadiri mji ulivyo mbali na makao makuu. Anayejenga miji mbiombio huona dhahabu ikikauka, akalazimika kupunguza fungu la utafiti wa kisayansi, akaachwa nyuma na jirani mwenye miji michache. Sisemi kwamba mtu asijitanue. Anayekataa kujitanua kabisa naye hushindwa, ila hushindwa polepole. Swali la kujiuliza kabla ya kupanua ni hili: katika kipindi hiki cha udhaifu nilichojitakia, ni nini hasa kinachoweza kunivunja?

Swali hilo sikujiuliza usiku mmoja nilipokuwa nikicheza Travian, mchezo wa mtandaoni wa kujenga vijiji unaoendelea hata ukiwa umelala. Katika mchezo huo kijiji kipya huanzishwa na walowezi watatu wanaobeba rasilimali 750 za kila aina kati ya aina nne, na wakifika huko hukuta mashamba ambayo bado hayajaendelezwa. Nilikuwa na vijiji viwili, nikaanzisha cha tatu karibu na mpinzani aliyenitia wasiwasi. Ili kukilinda nilikipelekea jeshi langu lote, askari wapatao 400, kila mmoja akila kipimo kimoja cha nafaka kwa saa. Katika mchezo huu askari hula katika kijiji walichopo, si kule walikotoka, na kijiji kisicho na ghala la kujengwa huhifadhi nafaka 800 tu. Nilikijaza, nikatazama ramani kwa kuridhika, nikalala. Hesabu ilikuwa wazi: chakula kile kilitosha saa mbili na ushee, nami hulala saa saba. Asubuhi wengi wa askari wale walikuwa wamekufa kwa njaa bila adui kurusha mshale hata mmoja.

Hesabu niliijua. Kilichonishinda ni kusema kwamba mimi ni mtu ambaye akilala haamki. Wenzangu wa muungano waliamka usiku kupeleka nafaka, nami niliona haya kuonekana mzembe mbele yao. Mchezo wenyewe unaruhusu wachezaji wawili waaminifu waitunze akaunti yako usipokuwepo, na mimi nafasi zote mbili nilikuwa nimeziacha wazi kwa miezi.

Dhana: Kukiri udhaifu ni kumfungulia adui mlango

Dhana hii ndiyo iliyokuwa nyuma ya haya yangu, nayo ina chembe ya kweli inayostahili kuheshimiwa. Katika 2 Wakorintho 12 Paulo anaandika waziwazi kwamba amepewa mwiba katika mwili, lakini hasemi ni mwiba gani, na wasomaji wameendelea kubishana juu yake hadi leo. Alieleza alichohitaji kueleza, kwa watu aliotaka waelewe. Kumwambia mwenzako wa muungano kwamba huwezi kulinda mpaka wa mashariki usiku si sawa na kuutangaza mpaka huo kwa wote, na mchezaji mwenye busara anajua tofauti.

Lakini tazama kilichotokea kwa Paulo. Alimsihi Bwana mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa kwamba neema inamtosha, kwa maana uweza wa Mungu hutimilika katika udhaifu. Udhaifu haukuondolewa, wala safari zake hazikukoma. Alitoka pale akisema, "niwapo dhaifu ndipo nilipo na nguvu." Wengi tunausoma mstari huo kama faraja ya mtu aliyekata tamaa, ilhali ni maneno ya mtu aliyeendelea na kazi akijua hasa wapi atahitaji kubebwa.

Dhana: Anayemtegemea Mungu hahitaji kuhesabu

Gideoni ndiye anayetajwa mara nyingi hapa. Jeshi lake la watu 32,000 lilipunguzwa hadi 10,000, kisha hadi 300 (Waamuzi 7), na wengine huona humo ruhusa ya kuingia vitani bila mpango. Wanasahau mambo mawili. La kwanza, si Gideoni aliyechagua kuwa mchache, bali aliamriwa, ili Israeli wasije wakajivuna kwamba mikono yao ndiyo iliyowaokoa. La pili, baada ya kubaki na wale 300, aliwagawa vikosi vitatu, akawapa tarumbeta, mitungi mitupu na mienge ndani yake, akafika kwenye kambi mwanzoni mwa zamu ya kati, walinzi wakiwa ndipo kwanza wamewekwa. Yeyote aliyewahi kusubiri dakika ambayo jeshi la mpinzani linabadilisha nafasi ataitambua kazi hiyo. Tegemeo lake kwa Mungu halikumfanya mzembe wa saa wala wa zana.

Hata hivyo kuhesabu nako kuna hatari yake. Katika Luka 14 Yesu anamtaja mfalme mwenye watu elfu kumi anayeketi kwanza na kufanya shauri kama aweza kukutana na mwenye elfu ishirini, na akiona hawezi, anatuma wajumbe kutafuta amani. Fundisho lenyewe ni la gharama ya kuwa mwanafunzi, sitaki kuligeuza kuwa maelekezo ya mchezo. Lakini liweke kando ya 2 Samweli 24, ambapo Daudi anamtuma Yoabu kuwahesabu watu, kazi ya miezi tisa na siku ishirini, na Yoabu mwenyewe anauliza kwa nini bwana wake anapendezwa na jambo hilo. Wafasiri wengi wameona kiburi katika hesabu ile. Mfalme wa Luka anahesabu ili ajue anapungukiwa na nini. Daudi, kwa usomaji huo, alihesabu ili aone alivyo mkubwa. Nikifungua jedwali la pointi mara kumi kwa siku na kutofungua hata mara moja taarifa ya nafaka, najua ninahesabu kwa namna ipi.

Dhana: Kushindwa kwenyewe humfundisha mtu unyenyekevu

Hapana. Sauli alishindwa kutii, na katika 1 Samweli 15 alianza kwa kuwatupia watu lawama, na hata alipokiri aliomba aheshimiwe mbele ya wazee. Kuna wachezaji waliopoteza mamia ya michezo ambao bado wanamlaumu mshirika, bahati au mtandao. Kushindwa huleta habari tu. Ni lazima mtu aketi na kuisoma.

StarCraft II huhifadhi rekodi ya kila mchezo, na unaweza kuutazama upya kwa macho ya mpinzani. Mimi huitazama sehemu moja tu: dakika niliyoanzisha kituo kipya, idadi ya askari niliokuwa nao wakati huo, na mahali kamera yangu ilipokuwa ikielekea. Mara nyingi ilikuwa ikielekea kwenye kituo kipya, huku shambulio likija kwa cha zamani. Ndipo namwambia Bwana kwa jina udhaifu niliouona, kisha namwandikia mwenzangu wa muungano atakayecheza upande wangu mechi inayofuata, nikimwomba alitazame lango la nyuma ninapojenga.